Urefu Wenye Sababu: Mhadhara juu ya Albamu Maradufu ya Dream Theater ya Mwaka 2002

Albamu maradufu, yaani kazi moja ya muziki inayotolewa katika sahani au diski mbili zinazouzwa pamoja chini ya jina moja, ni umbo ambalo wanamuziki wa roki wamelitamani tangu miaka ya 1960, na wahakiki nao wamelitilia shaka kwa muda wote huo. Shaka hiyo haikuzuka bure. Santuri ndefu, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1948, ilibeba dakika ishirini na kitu kila upande, na mwanamuziki aliyetaka kuvuka kiasi hicho alilazimika kumdai msikilizaji fedha zaidi, muda zaidi na subira zaidi. Bob Dylan alifanya hivyo mwaka 1966, The Beatles mwaka 1968, The Who mwaka 1969, Genesis mwaka 1974 na Pink Floyd mwaka 1979, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Kundi la Yes la Uingereza lilikwenda mbali kuliko wenzake pale lilipotoa Tales from Topographic Oceans mwaka 1973, kazi ya nyimbo nne tu ambamo kila wimbo ulijaza upande mzima wa santuri. Hata ndani ya kundi lenyewe kazi hiyo haikukubalika kwa wote, kwa kuwa mpiga kinanda wake, Rick Wakeman, hakuipenda na akaondoka kundini mwaka uliofuata.

Swali linaloongoza mhadhara huu limetokana na historia hiyo: ni lini urefu wa kazi ya muziki huwa na haki ya kuwapo? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba urefu huwa halali pale mambo yanayosemwa yanapokuwa mengi kwa asili yake, kiasi kwamba kuyapunguza kungekuwa kuyapotosha. Mfano utakaochunguzwa ni Six Degrees of Inner Turbulence, albamu ya sita ya bendi ya Dream Theater ya Marekani, iliyotoka Januari 2002 ikiwa na diski mbili na muziki wa takriban dakika 96. Jina lake laweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa ni daraja sita za msukosuko wa ndani ya nafsi, na jina hilo, kama itakavyoonekana, lina kazi ya kufanya katika mpango mzima.

Muziki wa Dream Theater huitwa metali progresivu. Hevi metali ni tawi la muziki wa roki lililokomaa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, linalotegemea gitaa la umeme lenye mlio uliokwaruzwa kwa makusudi, ngoma nzito na sauti ya kuimba iliyopazwa. Roki progresivu nayo ni tawi lililostawi katika miaka hiyohiyo, ambalo lilichukua kutoka muziki wa okestra na jazi desturi ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, mabadiliko ya ghafla ya mwendo na mapigo yasiyogawanyika sawasawa, kwa mfano mapigo saba mahali ambapo sikio la kawaida hungoja manane. Katika miaka ya 1980 vikundi kama Queensrÿche na Fates Warning vya Marekani vilianza kuyaunganisha matawi hayo mawili, na Dream Theater ndio walioufanya muungano huo ujulikane kwa umma mpana, hasa baada ya albamu yao Images and Words ya mwaka 1992.

Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1985 na vijana watatu waliokuwa wakisoma katika chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston: mpiga gitaa John Petrucci, mpiga besi John Myung na mpiga ngoma Mike Portnoy. Wakati wa albamu inayozungumziwa, wenzao walikuwa mwimbaji James LaBrie, raia wa Kanada aliyejiunga mwaka 1991, na mpiga kinanda Jordan Rudess, aliyeingia mwaka 1999 akiwa na mafunzo ya muziki wa piano wa Kizungu tangu utotoni. Kuingia kwa Rudess kulikuwa tukio kubwa kuliko mabadiliko ya kawaida ya wanabendi, kwa sababu bila mtu aliyezoea kufikiri kwa vipimo vya okestra, diski ya pili ya albamu hii isingewezekana.

Hamu ya kutoa albamu maradufu haikuanza mwaka 2002. Bendi ilipokuwa ikitayarisha Falling into Infinity, iliyotoka mwaka 1997, ilikuwa na nyimbo za kutosha kujaza diski mbili, ukiwemo mmoja uliozidi dakika ishirini, lakini kampuni ya rekodi ilikataa na kutaka kazi fupi zaidi yenye nyimbo zinazoweza kupigwa redioni. Wimbo ule mrefu uliwekwa kando, kisha ukakuzwa hadi ukawa msingi wa albamu nzima, Scenes from a Memory ya mwaka 1999, inayosimulia hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mapokezi mazuri ya albamu hiyo yaliithibitishia bendi kwamba wasikilizaji wake walikuwa tayari kukaa na kazi ndefu, na ndiyo maana ilipoingia studio ya BearTracks, huko Suffern katika jimbo la New York, mwaka 2001, huku Portnoy na Petrucci wakiwa watayarishaji wenyewe, hapakuwa tena na mtu wa kuwapimia dakika.

Mpango wa albamu ni rahisi kuueleza. Diski ya kwanza ina nyimbo tano zinazojitegemea, zote ndefu kiasi. Diski ya pili ina wimbo mmoja tu, wimbo wa sita, wenye jina la albamu yenyewe, unaochukua dakika 42 na uliogawanywa katika sehemu nane zinazofuatana bila hadithi moja. Dakika 42 ni urefu wa santuri kamili ya zamani, kwa hiyo katika diski hiyo wimbo mmoja umechukua nafasi ambayo zamani ilitosha albamu nzima. Kugawanywa kwake kulifanywa ili msikilizaji aweze kufikia sehemu anayoitaka. Kimuundo ni kitu kimoja.

Wimbo wa kwanza, The Glass Prison, unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwani ndio ufunguo wa yote yanayofuata. Unaanza kwa mkwaruzo wa sauti uleule ulioifunga albamu ya mwaka 1999, kana kwamba miaka ya katikati haikupita, kisha inasikika kengele, na besi ya Myung inaingia peke yake kabla ya vyombo vingine kuivamia. Maneno yake yaliandikwa na Portnoy, ambaye wakati huo alikuwa ameacha pombe baada ya miaka ya uraibu, na yamejengwa juu ya hatua kumi na mbili za Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha ulevi kilichoanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935. Sehemu tatu za wimbo zinalingana na hatua tatu za kwanza: mtu kukiri kwamba hana uwezo mbele ya pombe, kuamini kwamba ipo nguvu kubwa kuliko yeye inayoweza kumrudishia akili timamu, na kuamua kujikabidhi kwa nguvu hiyo. Hatua tisa zilizobaki ziligawanywa katika nyimbo nne nyingine, mmoja mmoja katika kila albamu iliyofuata hadi mwaka 2009, hivi kwamba mfululizo mzima, wenye takriban dakika 57, ulichukua miaka saba kukamilika. Ni nadra katika muziki wa roki kukuta mwandishi akikubali kwamba kisa cha kupona hakiwezi kusimuliwa kwa pumzi moja, na uamuzi huo wa Portnoy una ukweli ambao nyimbo nyingi za kusifu ushindi dhidi ya ulevi hazina. Wimbo wenyewe ni mkali, wa kasi na wenye kuchosha kwa makusudi. Msikilizaji hapewi nafasi ya kukaa, kama vile aliyefungwa na pombe asivyopewa.

Blind Faith, unaohusu mashaka ya imani, na Disappear, wimbo mtulivu wa mtu aliyefiwa na mpenzi wake, ambazo zote mbili maneno yake ni ya LaBrie, ni nyimbo nzuri zisizohitaji maelezo marefu. Misunderstood wa Petrucci unahitaji angalau aya moja kwa sababu ya solo yake, yaani kipande ambacho gitaa hutoka mbele likawa ndilo mnenaji mkuu. Petrucci alirekodi solo hiyo, akaigeuza ili isikike kinyumenyume, akajifunza kuipiga kama ilivyosikika kwa kinyume, akairekodi upya, halafu akaigeuza tena. Matokeo yake ni melodia ambayo mwelekeo wake ni wa kawaida, ilhali kila noti inaanza kwa kuvuta na kuishia kwa kukatika, ikisikika kama usemi wa mtu ambaye maneno yake ni sahihi lakini matamshi yake hayatambuliki. Kwa wimbo unaozungumzia mtu asiyeeleweka na walio karibu naye, hakuna ufundi ambao ungefaa zaidi. Hapa ustadi wa mikono, ambao bendi hii imelaumiwa mara nyingi kwa kuuonyesha kupita kiasi, umetumikia maana kikamilifu.

The Great Debate unatoka nje ya nafsi na kuingia katika siasa za wakati wake. Mwaka 1998 mwanasayansi James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alifanikiwa kutenga seli shina kutoka katika viinitete vya binadamu, yaani seli changa zenye uwezo wa kugeuka kuwa aina yoyote ya seli mwilini, na ugunduzi huo ulizua mvutano kati ya waliotumaini tiba mpya na waliouona kuwa uharibifu wa uhai. Tarehe 9 Agosti 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba fedha za serikali kuu zingetumika tu kwa utafiti wa seli zilizokwisha kutengwa kufikia siku hiyo. Petrucci aliandika wimbo huo mvutano ukiwa bado moto, akaweka ndani yake vipande vya sauti za wazungumzaji wa pande zote mbili, na maneno yake yanamrudishia msikilizaji swali bila kumwamulia. Wapo waliosema kwamba kutoamua huko ni woga. Hukumu hiyo ni kali mno, kwani mjadala ambao kila upande unazungumza kwa jina la uhai hauwezi kupewa haki yake kwa kuufanya upande mmoja uonekane mjinga, na dakika zaidi ya kumi na tatu za wimbo huo zimetumika kuhakikisha kwamba hilo halitokei.

  

Diski ya pili inafunguliwa na Overture, utangulizi wa ala tupu usio na mwimbaji. Msikilizaji wa taarabu ya Unguja, aliyezoea bashraf inayopigwa na wapiga ala kabla mwimbaji hajasimama, atalitambua umbo hilo mara moja, ingawa kazi yake hapa ni tofauti kidogo: Rudess alitunga utangulizi wa takriban dakika saba ambamo melodia kuu za sehemu zitakazofuata zinapita moja baada ya nyingine, zikiwa zimevikwa sauti za nyuzi, tarumbeta na ngoma kubwa za okestra zilizotolewa na kinanda. Melodia hizo zinapotokea tena baadaye zikiwa na maneno, sikio hudhani kuwa linazikumbuka, na hisia hiyo ya kukumbuka ndiyo inayowaunganisha watu sita wanaoimbwa katika sehemu hizo, ambao hawajuani hata kidogo.

Watu hao ndio moyo wa albamu. About to Crash inamhusu mwanamke mwenye baipola, maradhi ambayo hisia hupanda hadi msisimko usiozuilika kisha kuporomoka hadi giza; War Inside My Head, askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akiwa na kiwewe kisichomwacha; The Test That Stumped Them All, kijana mwenye skizofrenia, maradhi yanayomfanya mtu asikie na kuona yasiyokuwapo; Goodnight Kiss, mama aliyepatwa na sonona baada ya kujifungua na kutenganishwa na mtoto wake; Solitary Shell, mvulana mwenye usonji; na Losing Time, msichana ambaye nafsi yake imegawanyika hata hajui saa zake zimekwenda wapi. Petrucci aliandika maneno ya sehemu za mwanzo na za mwisho, na Portnoy akaandika zile tatu za katikati, na tofauti yao inasikika: Petrucci anamwangalia mhusika kwa mbali na kwa upole, Portnoy anaingia ndani ya kichwa chake.

Uamuzi mkubwa wa kisanaa ulikuwa kumpa kila mtu muziki wake. Askari amepewa dakika mbili na sekunde chache tu, sehemu fupi kuliko zote, nzito na iliyokatika ghafla, kwa sababu kumbukumbu ya vita humjia kama shambulio na si kama simulizi. Kijana wa skizofrenia amepewa kasi ya kichaa na sauti nyingi za madaktari zinazopishana. Mama wa Goodnight Kiss amepewa mwendo wa kubembeleza mtoto, na ndani yake inasikika sauti ya mtoto mwenyewe, kabla gitaa halijafungua maumivu ambayo ubembelezi ule ulikuwa ukiyaficha. Mvulana wa Solitary Shell amepewa gitaa la kawaida lisilo la umeme na melodia angavu, karibu ya furaha, na uangavu huo unakataa kumfanya kitu cha kuhurumiwa. Baada yake mwanamke wa mwanzo anarudi katika sehemu ya saba, safari hii kwa nguvu na matumaini, jambo linaloonyesha kwamba katika maradhi yake kurudi ni sehemu ya ugonjwa na pia ni sehemu ya kupona. Kama sehemu hizo zingelazimishwa katika wimbo wa dakika tano au katika mtindo mmoja wa muziki, watu sita wangegeuka kuwa mgonjwa mmoja wa kubuni.

Kasoro zipo, na heshima kwa kazi hii inadai zitajwe. Usonji ni namna ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, na kuupanga katika safu moja na maradhi ya akili kulikuwa kosa la wakati ule ambalo leo linaonekana waziwazi zaidi. Aidha, sehemu ya kijana wa skizofrenia inaukaribia mno mzaha. Kasi yake inafurahisha kiasi kwamba mateso yanageuka kuwa burudani, na hapo Portnoy, aliyekuwa mwaminifu sana alipoandika kuhusu ulevi wake mwenyewe, hakuwa mwaminifu kiasi hicho kwa maumivu ya mwingine. Hata hivyo mwaka 2002, katika tawi la muziki lililozoea kuutumia wazimu kama pambo la kutisha, kuwaimba watu hawa kama binti, askari, mama na mwana wa mtu kulikuwa hatua ya kweli.

Mwisho wa wimbo ni kilele cha vyombo vyote kilichojengwa juu ya melodia za utangulizi, kisha sauti moja ya kinanda inashikiliwa kwa muda mrefu hadi inapofifia. Sauti hiyo haikufia hapo, kwani albamu iliyofuata, Train of Thought ya mwaka 2003, inaanza nayo. Wimbo mzima ulipata okestra ya watu halisi tarehe 1 Aprili 2006, katika ukumbi wa Radio City Music Hall, New York, chini ya uongozi wa Jamshied Sharifi, na rekodi ya onyesho hilo, iitwayo Score, inathibitisha kwamba Rudess alikuwa ametunga muziki wa okestra tangu mwanzo, akiwa na kinanda tu mkononi.

Ulinganisho mmoja unatosha kuikamilisha hoja. Mwaka 2016 Dream Theater walitoa albamu nyingine maradufu, The Astonishing, yenye vipande 34 na muziki wa takriban dakika 130, ambayo hadithi yake ilitungwa na Petrucci na sehemu zake za okestra zikapangwa na David Campbell. Kwa kipimo cha jitihada inaishinda ile ya 2002, na ina melodia nzuri. Lakini hadithi yake ni moja, ya mapenzi na uasi katika dola ya kubuni, na wahusika wake wote wanane wanaimbwa na LaBrie peke yake katika mtindo usiotofautiana vya kutosha, hivyo msikilizaji hulazimika kufuata kwa kijitabu kile ambacho muziki ulipaswa kumwambia. Urefu wake umetokana na hadithi kurefushwa. Urefu wa Six Degrees umetokana na idadi ya watu waliokuwa na haki ya kusikilizwa, na kwa sababu hiyo, licha ya kasoro zake, inabaki kuwa albamu maradufu bora kuliko zote zilizotolewa na bendi hiyo. Msomaji anayetaka kuipima hukumu hii mwenyewe na aanze na diski ya pili, aisikilize dakika zake 42 kwa mfululizo bila kuruka sehemu hata moja, ndipo airudie ya kwanza.